Muhuri Uliopotea Saa ya Chakula

Saa nane na dakika tano mchana, karani wa dirisha namba mbili alivuta droo yake, akapiga ukelele uliosikika ukumbi mzima. "Jamani! Muhuri umeibwa!"

Inspekta wa kituo cha mpakani alikuwa chumbani mwake, kile chumba kilichobanana na choo, ndiyo kwanza ameumega mkate. Akaurudisha kwenye karatasi. Katika miaka kumi na moja ya kazi hakuwahi kumaliza chakula cha mchana kwa amani, na wenzake walimwita Mama Subira kwa kejeli tu, maana hiyo subira yenyewe hakuwa nayo.

"Haya, leo ni nini tena?" alisema, akatoka.

Muhuri wenyewe ni kipande cha mti chenye mpira chini, lakini ndio uliokuwa roho ya kituo. Nchi wanachama wa soko la pamoja zilikubaliana kwamba bidhaa iliyozalishwa ndani ya nchi yoyote kati yao ivuke bila ushuru, mradi iwe na fomu ya uasili, inayothibitisha ilikotengenezwa. Fomu isiyo na muhuri ni karatasi ya kufungia sabuni. Na muhuri mwingine ungetoka makao makuu, mwendo wa siku mbili.

Nje kulikuwa na malori thelathini na sita. Mbele ya yote, kwenye kigari cha miguu mitatu, alikaa mwanamke na maboksi kumi na mawili yenye matundu. Ndani ya maboksi mlikuwa na vifaranga elfu moja na mia mbili waliototolewa jana alfajiri. Mwanamke huyo alikuwa dada wa mume wa Inspekta.

"Wifi," alisema, bila hata salamu, "kifaranga anatoka na akiba yake tumboni, haifiki mbali. Kwa jua hili, jioni nitakuwa nabeba mizoga. Mnunuzi ameshawasha taa za joto huko ng'ambo. Ni oda yangu ya kwanza, na nimeacha kazi kwa ajili yake. Nifanyie jambo."

"Nimekuwa mimi muhuri?"

"Umekuwa wifi yangu."

Inspekta alirudi ndani amekunja uso. Alikuwa anampenda wifi yake, na hilo ndilo lililomkera zaidi.

Akaichunguza droo. Mbao ya nje ilikuwa imechubuliwa, kama iliyokwanguliwa kwa bisibisi. Akachuchumaa. Ulimi wa kitasa ulikuwa mzima, umeingia ndani sawasawa, haukupinda hata kidogo. Akaandika hayo kwenye daftari lake.

"Nipe maelezo," alimwambia karani.

Karani alikuwa mtu wa watu. Dirisha lake lilikwenda kama maji. Anayefika na fomu hatimizi hata dakika mbili, na mwaka jana alipewa cheti cha mfanyakazi bora. Tangu aoe ng'ambo, alilala kwa majirani wa nchi ya pili na kuvuka kila asubuhi kwa kitambulisho tu. Soko la pamoja lilikuwa limempa mke, nyumba na mashemeji saba.

"Tulipofunga kwa chakula nilifunga droo," alisema. "Ufunguo nikaupeleka kwa mlinzi, nikaandika kwenye daftari la funguo. Nimerudi sasa hivi, nakuta hivi. Kaangalie daftari, Inspekta, sina la kuficha."

"Nani mwingine aliingia?"

Karani alisitasita. "Sipendi kumsema mtu. Lakini dada wa usafi hupiga deki saa ya chakula."

Mkuu wa Kituo hakungoja zaidi. "Basi ni yeye! Mfungie chumbani. Kesho tunapeleka ripoti."

"Mkuu, hata sijamuuliza."

"Sasa utauliza mpaka lini? Malori yanafika barabara kuu!"

Dada wa usafi alikalishwa kwenye chumba cha Inspekta, ndoo yake miguuni. Hakulia. Alikuwa amekasirika mno hata machozi yakakosa nafasi.

"Mimi muhuri niufanyie nini, mama? Niupigie kuta?"

"Ulipoingia ulimwona nani?"

"Upande wetu, karani peke yake, ameinama kwenye droo. Upande wa majirani walikuwapo wote, wao walikuwa bado wanafanya kazi."

Hapo lazima ieleweke jinsi ukumbi ule ulivyo. Ni ukumbi mmoja wa nchi mbili. Ukuta wa kushoto una saa yetu, wa kulia una saa ya majirani, na ya majirani iko nyuma kwa saa nzima. Sisi tukiwa saa saba, wao ni saa sita. Hakuna aliyewahi kukubali kubadilisha yake, ingawa vikao vimefanyika, na chai imenywewa.

Saa tisa kasorobo Inspekta alimwita wakala wa forodha, aliyejulikana kama Chapuchapu. Kazi yake ilikuwa kuwajazia wafanyabiashara fomu ambazo wangeweza kujaza wenyewe bure.

"Muhuri ukipotea nani anafaidi kama wewe?" Inspekta alimuuliza. "Watu watahangaika, watakukimbilia."

"Nifaidi nini, Inspekta? Bila muhuri hata mimi nimekwama! Tangu saa saba nilikuwa kwenye foleni ya malori, madereva kumi watakuambia."

Madereva kumi waliulizwa, wakasema ndivyo. Hilo nalo likamkera Inspekta, maana alitamani sana awe Chapuchapu. Alichokiona tu ni kwamba wakati wote wakala alikumbatia begi lake kama mtoto mgonjwa.

Alipotoka nje, wifi alikuwa amefungua boksi moja. Vifaranga wawili walikuwa wamelala chali.

"Hao ni wa kwanza," wifi alisema polepole, na Inspekta alitamani amfokee mtu, mtu yeyote.

Akarudi kwa karani. "Haraka, unakumbuka kitu kingine?"

Karani alitazama saa ya mkononi. "Tulia, Inspekta, bado mapema. Saa nane na nusu tu hii."

"Saa nane na nusu ya wapi? Tazama ukutani! Ni saa tisa na nusu!"

"Ah, hii ya nyumbani. Mke wangu hataki niiguse, anasema nitachelewa kurudi."

Inspekta alisonya, akaenda zake kwa mlinzi. Mlinzi alimpa daftari la funguo na kikombe cha karatasi cha chai ya kantini. Alikunywa akisoma. Mstari wa kwanza wa mchana huo: dada wa usafi, stoo ya ndoo, 7.10. Chini yake: karani, ufunguo wa droo, umerudishwa, 6.55.

Alisoma tena. Kisha mara ya tatu.

"Mlinzi, baba yangu. Hii saba na dakika kumi iko juu. Hii sita na dakika hamsini na tano iko chini yake. Tangu lini wakati ukarudi kinyumenyume?"

Mlinzi alicheka. "Aa, mama, hapa saa zinakwenda mbele, zinarudi nyuma. Leo huyu anaandika yetu, kesho yule anaandika ya majirani. Tumezoea."

"Mmezoea!" Inspekta alipiga meza mpaka chai ikamwagika. "Mmezoea! Na ndiyo maana mtu anawaibia huku mnamtazama!"

Kisha akatulia ghafla, akakitazama kile kikombe. Kila siku, saa kumi, karani huonjesha ofisi nzima chai ya mkewe kutoka kwenye chupa yake kubwa ya bluu. Saa ya ukutani ilikuwa saa kumi na robo.

"Hii chai nani kanunua?"

"Karani. Katununulia wote. Anasema ya nyumbani leo imechacha."

Saa kumi na moja kasoro dakika ishirini, Inspekta aliwakusanya ukumbini: Mkuu, karani, mlinzi, dada wa usafi, wakala, na ofisa wa majirani kama shahidi. Wifi aliingia bila kualikwa, na boksi moja mikononi.

"Karani," Inspekta alianza, "unasema ulirudisha ufunguo kabla ya saa saba, ukatoka."

"Daftari linasema."

"Daftari linasema sita na dakika hamsini na tano, chini ya mstari wa saba na dakika kumi. Uliandika ukitazama saa ya mkeo. Kwa saa yetu ilikuwa saba na dakika hamsini na tano. Ufunguo ulikaa nao karibu muda wote wa chakula, na dada huyu alikuona umeinama. Jirani?"

"Hata mimi nilimwona," alisema ofisa wa majirani. "Lakini ni droo yake, kwa nini nishangae?"

"Na kitasa hakikuvunjwa. Kilifunguliwa kwa ufunguo, mbao ikakwanguliwa baadaye ili tuone vumbi la mbao tupige kelele. Kutoka na muhuri nje hukuweza, mlinzi anapekua mifuko. Mlinzi, ifungue chupa ya bluu."

Ndani ya chupa hamkuwa na chai. Mlikuwa na muhuri, umefungwa kwa leso.

Karani alikaa chini taratibu. "Nilitaka foleni iende," alisema. "Kila asubuhi nilikuwa nagonga muhuri kwenye fomu tupu, mia nzima, ili mtu akifika nimwandikie tu aende zake. Mlinisifu! Mkanipa cheti! Jana nimehesabu, kumi na moja hazipo, mtu kazichomoa. Zitaibuka kwenye sukari ya kutoka nje ya soko lote, zina muhuri wangu. Nikaona, muhuri ukiibwa leo, basi na hizo ni za mwizi."

"Na mwizi angekuwa dada wa usafi."

Karani hakumtazama dada. Dada alimtazama yeye, tangu mwanzo mpaka mwisho.

Wakati huohuo Chapuchapu alikuwa anarudi kinyumenyume kuelekea mlangoni. Mlinzi, ambaye sasa alikuwa na hasira ya kuitwa mzembe, alimnyang'anya begi. Fomu kumi na moja, tupu, zenye muhuri, zilikuwa ndani ya bahasha.

"Kazi nzuri," alisema Mkuu, akinyoosha mkono kuuchukua muhuri. "Huu sasa ni kielelezo. Unafungwa kwenye mfuko mpaka mahakamani."

"Na vifaranga?" wifi aliuliza.

"Mama, kielelezo hakigongi fomu. Na wewe ni wifi yake Inspekta! Watu watasema nini?"

Boksi lilikuwa linalia mikononi mwa wifi, vilio vyembamba, vingi. Kumshika mwizi na bado ushindwe! Alilifungua daftari la vielelezo, kalamu mkononi, kisha akalifunga.

"Kinakuwa kielelezo nikikiandika. Sijaandika. Njoo nje, Mkuu. Jirani, wewe pia, na madereva wote wasogee waone."

Karani aliinua kichwa. "Kwa hiyo na wewe unapindisha?"

"Wewe uligonga kabla ya kuona," Inspekta alimjibu. "Sisi tutaona kwanza."

Walifungua boksi moja moja. Walihesabu, wakasoma fomu mstari kwa mstari, wakailinganisha na stakabadhi ya mashine ya kutotolea. Vifaranga elfu moja na mia moja themanini na watatu walikuwa hai. Kumi na saba walikuwa wamekufa, na wifi aliwaweka pembeni kwenye kanga. Mkuu alinung'unika kila boksi, lakini madereva thelathini na sita walikuwa wanamtazama. Akagonga. Muhuri ukaingia kwenye mfuko papo hapo.

Wifi aliwasha kigari. "Ahsante, wifi," alisema, na sauti yake ilikatika hapo.

"Nenda! Usiniangalie, nenda!" Inspekta alimfokea, akajifuta macho kwa mgongo wa mkono.

Kwenye kizuizi, ofisa wa majirani alifungua kitabu chake cha kupitisha mizigo, akatazama ukuta wa kulia, kisha wa kushoto, kalamu imesimama hewani.

"Inspekta, hapa niandike saa ngapi?"

"Andika zote mbili, baba. Kuanzia leo, zote mbili. Halafu uinue hicho kizuizi kabla sijakiinua mwenyewe."