Kidonda cha Dahabo na Taa ya Zambarau

Kila asubuhi Dahabo aliuza maziwa kando ya barabara, mjini Garsen. Alikuwa Muorma, lakini alizaliwa na ualbino, bila rangi ya ngozi. Jua lilimchoma tangu utotoni. Sasa, karibu na jicho la kushoto, alikuwa na kidonda kidogo. Kilikauka, kikabanduka, kikatoa damu, kikarudi.

"Nitakichoma kwa chuma cha moto," alisema mumewe, Guyo, mfugaji. "Ng'ombe wangu hupona hivyo."

"Mimi si ng'ombe, Guyo. Na jicho je?"

Siku hiyo Arafa, muuguzi wa zahanati, alikuja kununua maziwa. Akamtazama usoni.

"Dada, kidonda hiki ni cha tangu lini?"

"Tangu kabla ya mafuriko ya El Niño."

"Kidonda kisichopona huenda ni kansa ya ngozi. Msikichome, msikipake majivu. Kikiwahiwa, hutibika. Daktari wa ngozi anakuja Malindi na taa mpya. Nitakupeleka."

Huko Malindi, daktari, mama mpole, alikipaka kidonda krimu, akakifunika. Wakasubiri hadi alasiri. Kisha akafunga madirisha, akazima taa.

"Usiogope, mama. Chembe za kansa hukusanya dawa hii kuliko ngozi yenye afya. Zikimulikwa, hung'aa."

Mwanga wa zambarau ukawaka. Chumba kikawa kama kimezama chini ya maji. Dahabo alishika kioo, akauona uso wake ukielea, kama uso wa mtu anayemwota. Na kando ya jicho, kitu chekundu kilichanua kimya kimya, kama waridi. Kilikuwa kikubwa kuliko kidonda.

Kitu kibaya hivi, aliwaza, mbona kinapendeza?

"Kimefika jichoni?" akanong'ona.

"Bado. Macho yetu yaliona kidonda tu. Taa inaonyesha kilipoenea. Lakini taa peke yake haitoshi. Nitachukua kipande kidogo kipimwe."

Majibu yalikuja: ni kansa, lakini iko juu juu.

Dahabo akapakwa dawa tena. Macho yakafunikwa vizuri. Safari hii alimulikwa mwanga mwekundu. Uliwasha kama pilipili. Arafa akamshika mkono.

"Mwanga huu huamsha dawa, nayo huua chembe za kansa," alisema daktari. "Kansa iliyozama ndani hukatwa. Yako tumeiwahi."

Ngozi ikawa nyekundu, ikabambuka, ikaota mpya. Miezi ilipita. Guyo akamsindikiza kupimwa tena. Alipokwisha kupakwa krimu, Guyo akasimama gizani kando yake. Taa ya zambarau ikawaka.

"Mimi sioni kitu," alisema Guyo kwa wasiwasi.

"Hata mimi," daktari akacheka. "Ndivyo tunavyotaka."

Waliporudi, Guyo alimjengea kibanda cha makuti pale anapouzia maziwa. Dahabo akaanza kuvaa nguo za mikono mirefu na kofia pana juu ya mtandio. Hakukosa siku ya kupimwa.

Asubuhi moja Tuneya, mama kijana wa kijiji cha Idsowe, alipita na mtoto mchanga mgongoni. Mtoto hakuwa na rangi ya ngozi. Kichwa chake kilikuwa wazi, juani.

Dahabo akaweka kibuyu cha maziwa chini.

"Mama, ingia kivulini," aliita. "Njoo na mtoto wetu."