Kilio cha Kuhama Benki

Sauti ya Lameck Ntandu ilikuwa sebuleni inaomba radhi, na Lameck mwenyewe alikuwa mezani anatafuna chapati.

"Ndugu yangu, nakusikia," sauti ilisema kutoka kwenye kisahani cheusi kilichobandikwa ukutani. Ikakohoa kidogo. "Ila mwezi huu, sikufichi, nimebanwa kweli kweli. Hebu nivumilie."

Upande wa pili binamu yake akashukuru, akamwombea heri, akakata simu. Lameck aliacha kutafuna. Hata kile kikohozi kilikuwa chake. Tangu ujana wake, hukohoa kwanza ndipo aseme hapana.

Dodoma ya wakati huo ilikunywa maji ya hewani. Juu ya kila jengo palikuwa na mtambo wa kukamua unyevu wa hewa, na Lameck alikuwa mmoja wa wahandisi wa mitambo hiyo. Mshahara wake ulikuwa mzuri, na kwao Singida walijua ni mzuri. Basi simu hazikukatika. Leo ada, kesho harusi, keshokutwa upepo umeezua paa la mtu. Benki yake ya zamani ilimtunzia pesa na kumkata makato, basi. Simu alipokea mwenyewe.

Ndipo ikaja Benki ya Ngao. Haikuwa na makato, na kila aliyehamishia akaunti yake huko alipewa Mjibishi. Hiyo ilikuwa akili ya mashine iliyosikiliza mazungumzo ya simu ya mteja ya miaka yote, ikajifunza sauti yake, utani wake na visingizio vyake. Simu ya ndugu ikinukia ombi la pesa, Mjibishi hupokea na kukataa kwa upole, kwa sauti ya mteja mwenyewe. Benki haikuficha faida yake: pesa isiyotoka hubaki kwao ikizaa. Mteja alipewa mwezi mmoja wa majaribio. Mwezi ukiisha, anaweka kidole gumba kwenye kisahani, akaunti ya zamani inafungwa, amehama moja kwa moja.

"Mume wangu," mkewe Nakiete alimwambia siku ile ya chapati, "hata kukataa umeajiri mtu?"

Lameck alicheka, lakini maneno yale yalimkaa rohoni. Jioni akaiamuru Mjibishi iwe inajibu kimya kimya, asisikie. Alisema ni kwa sababu ya kelele. Haikuwa kelele. Aliona haya kujisikiliza.

Siku ya mwisho ya majaribio iliangukia Jumamosi. Nakiete alikuwa safarini kikazi. Lameck alikuwa chumbani anavaa shati, tayari kwenda kuweka dole gumba, mlango ulipogongwa. Aliyekwenda kufungua alikuwa Mama Namkunda, mama yake Nakiete, aliyekuja kutoka Usangi kutibiwa goti na aliyekuwa akiishi nao tangu masika.

Lameck akasikia kilio. Si cha mtu mmoja.

Alipotoka alimkuta dada yake Yunisi amejifunika khanga usoni, amemkumbatia Mama Namkunda shingoni, analia kwa sauti. Mama Namkunda naye alikuwa analia, tena kwa nguvu zaidi. Nyuma yao alisimama baba mdogo wao, Mzee Gwau, kashika mkongojo mkono mmoja na jogoo mkono wa pili. Jicho lake moja lilikwisha kufa zamani, na lililobaki lilikuwa jeupe kama maziwa.

"Jikazeni, wanangu," Mzee Gwau alisema akiuangalia ukuta. "Kazi ya Mungu."

"Jamani, ni nani?" Mama Namkunda aliuliza kwa kwikwi. "Nimelia tu kwa kuwaona mnalia. Ni nani tuliyempoteza?"

"Mama mkwe wake Lameck," Yunisi alijibu ndani ya khanga.

Mama Namkunda akanyamaza. Akamwachia. Akafuta machozi kwa kiganja, taratibu.

"Lameck ana mama mkwe wangapi?"

Yunisi akashusha khanga. Hawakuwa wameonana tangu siku ya harusi, lakini sura ile aliijua. Akarudi nyuma hatua moja, akamkanyaga mzee, na jogoo akapiga kelele.

Masikio ya Lameck yalipata moto. Mkwewe huyu, ambaye Lameck huona haya hata kumtazama machoni, yeye amemzika angali hai. Ndani ya sikio lake, kwenye kidude cha kusikilizia alichopewa na benki, sauti yake mwenyewe ikamnong'oneza: "Dada yako alipiga Jumatano kuomba msaada wa kumtibu mzee jicho. Kwa ombi la matibabu, visingizio vidogo havitoshi. Watu wa kwenu hawambani mtu aliyefiwa, kwa hiyo nilisema umefiwa na mama mkwe. Usihofu. Sema ni mama mkubwa wa mkeo, aliyemlea. Maneno yako tayari, rudia baada yangu."

Maneno yalikuwa mazuri. Yangetosha. Lameck alifungua kinywa, akahisi sentensi ya kwanza imeshafika kwenye ulimi. Wote watatu walikuwa wanamngoja, hata yule asiyeona.

Akachomoa kidude sikioni.

"Hakuna aliyekufa," alisema. "Aliyepokea simu ni mashine ya benki. Imejifunza sauti yangu. Lakini niliyeiweka ni mimi, dada. Niliiweka iwakatae."

Mzee Gwau ndiye aliyeelewa haraka, au labda alielewa alichotaka. "Kwa hiyo mama yuko hai?" Akaupapasa mkono wa Mama Namkunda, akautikisa kwa furaha. "Basi Mungu ashukuriwe! Mbona mmenuna?"

Furaha ile ilimchoma Lameck kuliko matusi ambayo angetukanwa.

Yunisi alikuwa bado anamtazama. "Usiniambie si wewe. Ulilia, Lameck. Nakijua kilio chako. Ulisema 'mama wee', ikakatika katikati, kama siku ile nilipokupigia kukwambia mama yetu amefariki."

Lameck akaketi. Sasa alijua. Katika miaka yote ya mazungumzo ambayo Mjibishi iliyachambua, kilio chake kilikuwa kimoja tu. Mashine ilihitaji kilio, ikachukua hicho. Kilio alichomlilia mama yake kilitumika kumnyima mzee jicho.

"Nilipokusikia hivyo nikasema, jicho litangoja," Yunisi aliendelea. Akatoa bahasha kifuani, imekunjika, ina joto la mwili. "Zile tulizokwisha kuchanga za jicho, tukazileta ziwe rambirambi. Na jogoo wa matanga. Nimemficha kwenye treni ya sumaku chini ya khanga, wanakataza."

Hakuna aliyeipokea ile bahasha. Mwishowe Mama Namkunda aliichukua, akaisukuma kwenye mfuko wa koti la Mzee Gwau, akaufunga kifungo.

"Hili ni jicho lako, mkwe mwenzangu. Ila jogoo ni wangu, si ndiyo? Nileteeni kisu. Jogoo wa matanga yangu nitamla mwenyewe."

Wakacheka, hata Yunisi kidogo. Lameck hakuthubutu. Alimchinja yule jogoo nyuma ya nyumba, na alipoingiza nyama jikoni Mama Namkunda alikuwa peke yake, anachambua mchele. Hakuinua uso.

"Mimi sina neno, mkwe wangu. Najiuliza tu. Siku nitakapokufa kweli, utawapigia simu. Nani atakuamini?"

Lameck aliiweka nyama mezani. Alikwenda sebuleni akasimama mbele ya kisahani, akatamka kwamba hahami, anabaki na benki yake ya zamani, makato na yote.

"Uamuzi wako umepokelewa," sauti yake ilimjibu. "Ungependa nikuandalie maneno ya kuwaambia wageni?"

Akakibandua ukutani kwa mikono.

Wageni waliondoka kwa amani ya mdomoni. Wiki iliyofuata Lameck alituma pesa za hospitali na za nauli, zaidi ya walizowahi kuomba, kisha akapiga simu Singida kwa mkono wake.

"Dada, shikamoo. Ni mimi."

Akaongeza haraka:

"Nimetuma za jicho la baba mdogo. Na nauli ya kumsindikiza."

"Ahsante," Yunisi alijibu. Alijibu polepole na kwa adabu, kama anavyojibu mtu aliyefundishwa kuongea na mashine. "Tumesikia. Kama wewe ni Lameck, njoo utuambie hapa."

Lameck alitaka kumwambia kwamba atakuja, tena kesho, na treni ya kwanza. Lakini kwa haya, kabla ya neno kutoka, akakohoa kidogo.

Upande wa pili simu ikakatwa.