Ila ya Mvuke

Kila jioni, baada ya kuosha vyombo, Rita alisimama sebuleni mwa nyumba yao ndogo mtaani Malaz, jijini Riyadh, akamhutubia baba yake. Alisimama upande wa kulia, kwa maana sikio la kushoto la Baba Hezron lilikuwa halisikii tena. Kabla ya kuja Saudia alichimba visima vya mvuke katika Bonde la Ufa, Kenya, na mngurumo wake ulilimaliza sikio hilo.

Rita alikuwa akijiandaa kwa mdahalo wa watoto wa Wakenya: je, nchi yetu itegemee umeme wa jotoardhi au wa nyuklia? Mshindi angepelekwa Jeddah kushindana na wenzao wa huko. Kombe halikumshughulisha Rita hata kidogo. Mama yake, muuguzi, alikuwa amehamishiwa Jeddah na kafili wake, yaani mwajiri aliyemdhamini nchini, na tangu hapo nyumba ilikuwa imepooza. Baba na binti walikula kila mtu na mawazo yake.

Ijumaa ikafika. Norman, mtetezi wa nyuklia, ndiye aliyeanza.

"Urani kidogo tu hutoa umeme mwingi," alisema. "Tena si lazima pawe na joto chini ya ardhi. Lakini nakiri, taka zake hulindwa kwa maelfu ya miaka, na ajali kubwa ikitokea ni msiba."

Rita akainuka. "Jotoardhi ni mali ya udongo wetu wenyewe. Halingoji mvua kama mabwawa, usiku na mchana lipo." Watu wakapiga makofi.

"Na madhara yake je?" akauliza Mwalimu Rosebellah, mwamuzi.

Rita alimfikiria mama yake. "Mafi! Hakuna hata moja," akajibu. "Halijamdhuru mtu yeyote."

Ukumbi ukaangua kicheko kwa hiyo "mafi", Kiarabu cha mitaani katikati ya mdahalo. Baba Hezron hakuwa amesikia vizuri. Aligeuza kichwa na kumwuliza jirani yake, "Amesema nini?" Jirani akamrudia maneno yale. Baba akainama, akawa anatazama sakafu.

Rita alipomwona hivyo aliona aibu, tena aibu chungu. Zamu yake ya mwisho ilipofika, alisema, "Nilidanganya. Visima vingine huchimbwa kwa gharama kubwa na mvuke usipatikane. Gesi zake zaweza kudhuru. Na kelele zake zilimharibia baba yangu sikio. Bado nalitetea jotoardhi, lakini lina madhara."

Norman akashinda. "Hoja zenu zilitoshana nguvu," Mwalimu Rosebellah alimwambia Rita, "ila lile jibu la uongo limekupunguzia alama." Safari ya Jeddah ikaenda na maji.

Walipokuwa wakirudi nyumbani, Rita alilia waziwazi. "Baba, sitamwona Mama."

"Halas, yatosha, usilie. Hata mimi roho inaniuma. Nitaomba ruhusa kwa bosi, mwezi ujao twende wenyewe na basi."

"Hujanikasirikia?"

Baba alimshika mkono. "Uliposema halijamdhuru mtu yeyote, nilijiuliza, kwani mimi si mtu? Kizuri hakikosi ila, mwanangu. Chagua mvuke, chagua nyuklia, lakini itaje ila yake. Ukiificha, unawaficha na walioumizwa nayo."