Balbu Zisizo na Jina

Ilianza na harufu. Ylva alidhani kuna samaki ameoza mahali, akapekua friji, akapekua pipa la taka, asione kitu. Harufu ilikuwa inatoka juu, kwenye taa ya meza ya jikoni.

Ilikuwa katikati ya Desemba, na siku hizo jua halichomozi kabisa Kiruna, mji wa kaskazini ya mbali. Kila nyumba huacha taa zinawaka mchana kutwa, pazia wazi, na asiyewasha huonekana mchoyo. Ylva hakutaka kuonekana mchoyo, ila gharama nazo zilimuuma. Akanunua mfuko mzima wa balbu za LED kwenye gulio la kanisa, za bei ya kutupa, zisizo na jina la kiwanda, akazifunga nyumba nzima na kujisifu wiki nzima.

Kisha Tuva, bintiye wa miaka sita, akaanza kukataa kula mezani.

"Yule mama anasogea," alisema.

"Mama gani?"

"Jana alikuwa mlangoni. Leo yuko kwenye jiko."

Ylva hakuona mtu. Alichokuwa nacho ni kichwa kinachomgonga kila akikaa jikoni, na woga aliouonea haya. Mumewe alikuwa zamu mgodini, basi akamwita wifi yake Runa, fundi umeme.

Runa alifika saa sita mchana, nje bado kiza. "Wifi, ubahili utakuua," alisema akivua buti. Akaielekeza kamera ya simu kwenye taa, na kwenye kioo mistari myeusi ikaanza kupita. "Unaona? Ndani ya LED kuna kipande kidogo kama punje ya ulezi. Umeme ukipita, kinatoa mwanga bila kuunguza waya, ndiyo maana hakili umeme. Lakini kinataka umeme uliotulia. Balbu nzuri ina kifaa shingoni cha kuutuliza. Hizi zako wameweka takataka inayoungua, ndiyo hiyo harufu. Zinazimika na kuwaka mara mia kwa sekunde. Jicho halioni, kichwa kinaona."

Akaishusha simu kumwelekea Tuva, aliyekuja kukaa mezani kumtazama shangazi yake, amchekeshe.

Kwenye kioo, kila mstari mweusi ulipopita juu ya meza, ndani ya weusi ule alionekana mwanamke mrefu, nywele zinadondosha maji, na mstari uliofuata ulipopita alikuwa karibu zaidi, na uliofuata karibu zaidi, mkono ameutanguliza, mpaka akawa amesimama nyuma kabisa ya kiti cha mtoto.

"Usipige kelele," Runa alinong'ona. "Anatembea kwenye lile giza la katikati. Tukimnyima giza, hana njia."

Alikuwa na balbu nzuri kwenye begi. Akapanda kiti, akaifungua ile mbovu, na kwa muda wa pumzi moja jikoni kukawa giza, na katika giza hilo Ylva akasikia maji yakidondoka sakafuni, haraka haraka, kama mtu anayekimbia akiwa ameloa.

Balbu mpya ikawaka. Mwanga mtulivu, laini. Harufu ikakata, kichwa kikamwachia Ylva papo hapo, naye akalia kwa furaha.

"Njoo, mwanangu," alisema. "Njoo kwa mama."

Tuva hakuinuka.

"Siwezi. Amenishika."

Runa akainua simu. Hakukuwa na mstari hata mmoja. Picha ilikuwa safi, na mwanamke alikuwemo, hasogei, vidole vyote kumi vimeizunguka shingo ya mtoto. Vilikuwa havijabana.

Ylva alitaka kumrukia yule mwanamke. Runa akamzuia. Walivuta kiti, wakamvuta mtoto, wakapapasa hewa tupu. Tuva hakusogea hata kidogo.

"Anasogea gizani tu. Kwenye mwanga hawezi kubana," Runa alisema polepole. "Wala hawezi kuachia."

Ylva akachukua blanketi, akamfunika binti yake miguu pale pale kitini.

"Hiyo balbu inadumu muda gani?"

"Ni nzuri sana, wifi. Miaka kumi na tano, ukiiwasha kwa muda wa saa nne tu kwa siku."

"Na nisipoizima?"

Runa alihesabu moyoni, akamtazama mtoto.

"Mitatu haifiki."