Gramu Mia Tisa

Spana ilipita juu ya kichwa chake na kuchimba ukuta.

Sindano akainama, akaudaka mkono wa yule mtu na kuukunja upande ambao Mungu hakuupangia. Kiwiko kikalia. Mwenyewe naye akalia. Goti likampata kidevuni, akalala chali juu ya rundo la matairi machakavu, meno mawili pungufu.

"Mzigo uko wapi?"

Mtu alikuwa amezimia.

Sindano akasonya. Alijilaumu mwenyewe, goti lilikuwa zito mno.

Wiki mbili sasa alikuwa fundi wa matairi katika uwanja huu wa mbio. Ovaroli ya bluu nje, bastola ya Glock 19 ndani. Kilo themanini na sita za baruti zilikuwa zimevuka mpaka pamoja na msafara wa madereva wa ridhaa, watu wa madukani na maofisini ambao siku za mapumziko huendesha magari ya fomula, yale ya kiti kimoja yenye matairi nje. Kesho asubuhi baruti ile ilitakiwa kulipuka katika stesheni kuu ya treni. Alishapekua kila injini na kila tangi. Kipima upepo chake cha matairi kilikuwa na kifaa cha kunusa baruti, nacho hakikunusa kitu.

Redio ikakoroma kiunoni mwa yule aliyezimia.

"Wingu limefika. Mtu yeyote asifungue matairi ya mvua. Atakayefungua, mmalize."

Sauti aliijua. Mkaguzi mkuu wa chama cha mbio, bwana wa glavu nyeupe.

Jambazi anaogopa mvua kwa nini?

Jibu likamjia, na aibu ikamjia nalo. Siku nne nyuma, mezani, kaka yake alilalamika mpaka chai ikapoa. Kaka alikuwa mwalimu wa hesabu na dereva wa ridhaa. Wenzake walimwita Mizani kwa sababu alipima kila kitu cha gari lake, hadi nati. Mtu asiye na injini kubwa hutafuta mwendo kwa kupunguza uzito.

"Sheria mpya ya matairi itatuua," alisema siku ile. "Zamani kila mtu alifunga alichopata. Sasa wote tairi la aina moja, kutoka kontena la chama. Na seti ya mvua juu, imekwisha kuvishwa rimu, imefungwa plastiki na muhuri. Ukifungua bila ruhusa, nje msimu mzima. Nimeyapima na plastiki yake. Kila moja limezidi tairi la kawaida kwa gramu mia tisa!"

"Kunywa chai, Kaka," Sindano alimjibu.

Magari ishirini na manne. Matairi tisini na sita. Gramu mia tisa kila moja. Sheria aliiandika Mkaguzi, na msimu wa kiangazi hakuna ambaye angeyafungua.

Tone likagonga bati. La pili. Kisha mvua ikamwagika.

Spika za uwanja zikalia. "Mbio za mvua! Kila gari livae matairi ya mvua. Dakika kumi!"

Sheria ya Mkaguzi ilikuwa imemgeukia mwenyewe. Na baruti ya aina ile haivumilii joto. Tairi likienda kasi mizunguko miwili, basi.

Sindano alikuwa tayari anakimbia, simu sikioni, akimpigia mkuu wake wa usalama, ambaye kazini waliitana naye Shangazi tu.

"Shangazi, baruti iko kwenye matairi ya mvua. Simamisha mbio."

"Laini ya mnarani, kwa waongoza mbio, imekatwa. Kikosi kinafika baada ya dakika ishirini."

"Sina ishirini."

"Basi tumia ulizonazo."

Mizani alikuwa amepiga magoti gerejini, kisu mkononi, plastiki imeshachanwa, uso unang'aa kama wa bwana harusi.

"Mdogo wangu! Lete mashine ya kukazia nati. Leo ni leo. Kwenye mvua hawanipati!"

"Usilifunge hilo, Kaka."

"Ufundi wa wiki mbili unanifundisha mimi?"

Sindano alichomeka kipima upepo kwenye valvu. Upepo ukafoka, taa nyekundu ikawaka, kifaa kikapiga kelele.

"Baruti," alisema. "Ndizo gramu zako mia tisa."

Mizani akafungua mdomo. Risasi ikamwahi.

Ilimpiga begani, akaangukia mzani wake. Mlangoni alisimama Mkaguzi, bastola ikifuka moshi. Mbele yake likaja jitu lenye shingo nene na nyundo ya mpini mrefu. Likajaa mbele ya Sindano kabla hajaigusa Glock.

Nyundo ikashuka. Sindano akaruka pembeni, zege likapasuka. Pigo la pili likamkwaruza mbavu, pumzi ikakata. Akaokota chuma cha jeki, akalichapa jitu gotini. Likainama. Akalichapa kisogoni kwa nguvu zake zote. Likaanguka kifudifudi, wala halikunyanyuka tena.

Mkaguzi alikuwa ametoweka.

Nje, injini zilianza kunguruma.

Mizani akajiinua, damu ikimtiririka hadi kiganjani. Alitoka kwenye mvua, akasimama katikati ya njia, mbele ya gari la kwanza.

"Shukeni! Kuna baruti kwenye matairi!"

Wakacheka. Mwenye duka la dawa akatoa kichwa. "Mizani, hujamaliza kufunga yako, unataka utucheleweshe! Na hiyo rangi nyekundu umejipaka wapi?"

"Ni damu, mjinga wewe!"

"Toka njiani, tutakugonga!"

Gari likamsogelea hadi likamgusa magotini. Sindano aliinua Glock apige risasi hewani, lakini kwa ngurumo ile ya injini nani angesikia? Aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa kazini.

Ndipo Mizani, mtu ambaye hajawahi kudanganya hata umri wake, akavuta pumzi na kudanganya.

"Tumepunjwa! Mkaguzi kawapa rafiki zake matairi mepesi! Yetu yamezidi gramu mia tisa!"

Injini ya kwanza ikazima.

"Mia ngapi?"

"Mia tisa! Kila tairi! Pimeni wenyewe!"

Injini zikazima moja baada ya nyingine, mpaka ikabaki mvua tu. Bomu hawakuliamini, lakini gramu? Watu waliotoboa hata kanyagio za breki kupunguza uzito waliruka kutoka kwenye magari yao wakitukana. Jeki zikapanda. Matairi yakavuliwa. Magerejini ikatoka mizani ya kupimia, zaidi ya ishirini.

"Kweli! Limezidi!"

"Mkaguzi yuko wapi, mwizi huyo?"

Alikuwa nyuma ya kontena, anapanda lori. Wakamwona wote kwa pamoja. Wakamzunguka na spana mikononi, mwenye duka la dawa mbele. Glavu nyeupe ikainuka, bastola ikamlenga mwenye duka katikati ya macho.

Sindano alipiga mbili. Kifua. Shingo.

Mkaguzi akateleza ubavuni mwa lori, akaketi kwenye dimbwi, akafa akiwa ameketi.

Umati ukarudi nyuma. "Jamani," mtu alinong'ona, "kwa gramu mia tisa?"

Kikosi kilikuta matairi tisini na sita yamepangwa vizuri, kila moja limeandikwa uzito wake kwa chaki.

Mizani alikaa juu ya ndoo, bega limefungwa kwa fulana, anaitazama mvua. Machozi yalikuwa yanamtoka.

"Linauma sana?"

"Bega? Achana na bega. Mvua hii nimeisubiri miaka mitatu."

Sindano akachuchumaa mbele yake. Alimpenda mno, na hakujua pa kuanzia. "Nisamehe, Kaka. Uliniambia, nikakuambia unywe chai."

Mizani akamtazama, kisha akaitazama Glock. "Mama anajua kazi yako?"

"Hajui. Na asijue."

"Basi tutamwambia nini kuhusu tundu hili?"

"Utatafuta la kusema." Akamfuta uso kwa mkono wa ovaroli. "Kuanzia leo mwongo wa familia ni wewe."

Mizani akacheka, akalishika bega, akacheka tena. Sindano akamwacha kwa wauguzi wa kikosi, akaning'iniza ovaroli kwenye msumari na kutoka getini kwenye mvua, bila haraka.