Msiba wa Kuazima

"Kwa hiyo hao Watu wa Ukungu wametendewa haki au hawajatendewa?" bosi aliuliza, kalamu ikining'inia mdomoni.

Mhariri alishusha macho. Muswada ulikuwa mapajani mwake, hauna jina la mwandishi, maana ndivyo kampuni ilivyofanya kazi: anayesoma asijue anamsoma nani. Yeye alikagua riwaya za fantasia, aone kama makabila ya kubuni yamechorwa kama watu. Zamani mwandishi alijiamulia tu: hawa wema, wale wa pangoni mashetani, wote kwa jumla, hadi vichanga vyao. Siku hizi bosi hakutaka hata kuyasikia hayo. "Nao wana mama zao," alizoea kusema. "Nao wazikane."

"Sema basi. Mimi ule ukurasa wa kiti umeniliza."

Katika kabila hilo, mtoto akifa, kiti chake kinageuzwa kutazama ukuta, na kila mlo mama yake hukaa karibu nacho akakisimulia habari za siku. Mhariri alikijua kiti hicho. Kilikuwa nyumbani kwao tangu mdogo wake afariki, na wageni wakija kilifichwa chumbani. Siri hiyo alimwambia mtu mmoja tu duniani, naye ni mchumba wake.

"Bosi, hili si kabila," alisema. "Huyu ni mama yangu."

Ungedhani atapiga ukelele. Wapi! Aliungoja uchungu, haukuja. Aliomba ruhusa, akaenda na muswada nyumbani, akamkabidhi mama yake, kisha akamwandikia mchumba wake ujumbe: "Watu wa Ukungu ni wako?"

Jibu lilikuja chapuchapu: "Heee! Nani kakwambia? Nilitaka nikushtukize siku ya harusi! Si uko kitengo cha vitabu vya shule wewe?"

"Nilihamishwa. Njoo nyumbani. Mama anasoma."

Mwandishi alifika anahema, kola imepinda. Mama alikuwa mezani, miwani puani, kurasa mkononi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Kaa."

"Mama, nimekosa. Muswada wa kwanza walinirudishia. Wakasema maadui wangu hawana mila, hawana misiba, hawana hata nyimbo. Sasa misiba nitaitoa wapi mimi? Nikaona niwape kitu cha kweli, ili msomaji awaheshimu."

"Umewaandika vizuri," mama alisema. "Ila hapa unasema jambo hili wameachiwa na mababu, na mwaka ukiisha kiti kinageuzwa tena kutazama watu, wanacheza. Mimi sina mila, mwanangu. Mimi nina mtoto aliyekufa."

Mwandishi aliinamisha kichwa. Kisha akatoa simu, akampigia bosi palepale.

"Nakiondoa kitabu changu."

"Una wazimu?" sauti ya bosi ilisikika hadi upande wa pili wa meza. "Kurasa hizo ndizo zilizofanya tukutake!"

"Ndiyo maana," alijibu, akakata.

Mama alivua miwani. "Kwangu yamekwisha, nimekusamehe. Zungumza na mwenzako." Akaenda zake jikoni.

"Nimekiondoa, mpenzi. Umesikia?"

"Nimesikia."

"Basi nitukane. Nipige hata kofi. Usinikalie hivyo!"

"Ungekuwa na mwanamke mwingine ningejua pa kuanzia," alisema, sauti haipandi wala haishuki. "Ningechana mashati yako, shoga zangu wangekuja kunishikilia. Hili hata sijui nitawaelezaje."

"Nilikupenda hata nilipokuwa naandika. Niamini."

"Nakuamini. Ila nikuulize kitu, na unijibu kweli. Siku ile niliyokueleza habari za kiti, nililia kifuani kwako hadi shati likalowa. Ukawa unanipapasa mgongo, unasema, 'Lia tu, niko hapa.' Ulikuwa unanibembeleza, au ulikuwa umeshaanza kuandika?"

Mwandishi alimtazama machoni. Angeweza kudanganya; kubuni ndiyo kazi yake.

"Vyote viwili," alisema.

Mhariri aliitika kwa kichwa, kama mtu aliyetajiwa bei ya sukari. Akavua pete. Iligoma kidogo kwenye kifundo cha kidole, akaizungusha hadi ikatoka, akaiweka juu ya muswada na kuvisogeza vyote upande wa mwanamume.

"Asante kwa kusema kweli. Harusi haipo."

"Mpenzi, kitabu si nimekiondoa? Unataka nifanye nini tena? Niambie, nitafanya!"

"Nenda." Midomo yake ilianza kutetemeka, kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. "Nenda, tafadhali. Nataka kulia, na mbele yako siwezi tena."