Kinyozi Aliyeogopa Wembe

Kinyozi huyu watu walimwita Chiriku, na jina lilimkaa. Alinyoa huku anaongea. Alijua nani kaoa, nani kaachwa, na timu gani itafungwa Jumamosi. Mkewe alikuwa mshonaji. Waligawana chumba kimoja cha biashara: cherehani upande huu, kiti cha kunyolea upande ule, pazia katikati.

Asubuhi moja maneno ya Chiriku yalikatika katikati ya mzaha. Mara mtu akapiga kelele.

"Unanichinja?"

Mke akafunua pazia. Muuza nyama alikuwa amesimama, kajishika kidevu, damu inachuruzika kwenye shuka jeupe. Wembe ulikuwa sakafuni. Chiriku alikuwa kaegemea ukuta. Jasho lilimtoka, mikono ilimtetemeka, na alihema kama mtu aliyefukuzwa na mbwa.

"Huyu kalewa!" muuza nyama akafoka. "Asubuhi yote hii!"

Mke alipigwa na bumbuwazi. Mumewe hakuwahi kuonja pombe. Au aliwahi, na yeye ndiye hajui?

Kuanzia hapo akawa mpelelezi. Alinusa mashati ya mumewe kabla ya kuyafua. Alipekua chini ya kitanda, hata ndani ya ndoo ya taulo chafu. Chupa hakuiona. Alichokiona nyuma ya kabati ni nyembe zote za kazi, zimeviringishwa kwenye kitambaa na kufungwa kwa kamba. Wateja walikuwa wakiambiwa nyembe zimeisha. Baadaye Chiriku akaanza kuogopa hata mashine ya kunyolea. Kisha akawa anafika kazini na kurudi nyumbani kabla ya mteja wa kwanza.

Mke akachoka kunusa. Akamuuliza waziwazi.

"Baba watoto, unakunywa nini?"

"Kahawa tu. Usiku silali, basi mchana naizidisha ili nisisinzie."

"Sasa una nini?"

Chiriku akainamisha kichwa. "Nakufa, mama watoto. Nikishika wembe moyo unakimbia, pumzi inakatika. Kila mara najua leo ndiyo leo. Nimwambie nani? Nani atampa shingo yake kinyozi mwenye wazimu?"

Habari zilimfikia mama yake Chiriku, maana mdomo wa muuza nyama hauna mlango. Alikuja hadi pale kazini, akaketi kwenye kiti cha kunyolea, akatoa kufuli jipya kwenye mkoba.

"Funga biashara," akamwambia mwanawe. "Ukae ndani, usionekane na watu. Mkeo atafunga mlango kwa nje. Ndivyo nilivyofanya kwa baba yako."

Mke alidhani hakusikia vizuri. Chiriku akageuka taratibu.

"Baba? Si alikuwa anaumwa kifua?"

"Hakuwa na kifua." Mama alilitazama kufuli. "Alikuwa mwashi. Siku moja juu ya jukwaa akashikwa hivi hivi. Akaliogopa jukwaa. Kisha akaogopa ngazi, kisha barabara. Watu wakaanza kumcheka. Nikamfungia, nikawaambia ni kifua. Alikaa ndani mpaka tukamzika."

Mke akamwona mumewe akilini, akiwa nyuma ya mlango uliofungwa, na wanawe wakidanganywa kama baba yao alivyodanganywa.

Pazia likatikisika. Akatokea muuguzi wa zahanati, jirani yao, akiwa amevaa gauni alilokuja kulijaribu kwa mke, bado lina pini kila mahali.

"Samahanini," akasema. "Pazia si ukuta. Nimesikia, na nikinyamaza nitakuwa nimekosa. Mama, hilo kufuli lirudishe mkobani."

"Mwanangu ni mwendawazimu?" mama akauliza.

"Hapana, mama. Mwili wa kila mtu una kengele ya hatari. Ukikutana na nyoka, ubongo unaipiga. Moyo unakimbia, mikono inatetemeka, upate nguvu za kutoroka. Mwanao kengele yake inalia pasipo na nyoka."

"Kwa nini mimi?" Chiriku akauliza.

"Pengine umezaliwa na kengele nyepesi, kama baba yako. Hilo ni la mwili. Kukosa usingizi na kahawa nyingi vikaichokoza. Ikalia mara moja, ukadhani unakufa. Wazo hilo nalo likaipiga tena. Mwili unatisha akili, akili inatisha mwili. Na kila unapoukimbia wembe, unaufundisha ubongo kwamba wembe ndiye nyoka."

"Kwa hiyo kumficha..." mke akaanza.

"Kumficha ni kuilisha hofu. Ila kwanza aende hospitali. Yapo magonjwa ya mwili yenye dalili hizi hizi."

Walikwenda. Daktari alimpima moyo, damu na tezi ya shingoni, akakuta ni salama. Alimwandikia vidonge, akamwonya asiviache ghafla bila kumuuliza. Akampeleka pia kwa mshauri wa afya ya akili. Chiriku alipunguza kahawa kidogo kidogo. Alijifunza kutoa pumzi polepole, na kungoja kengele inyamaze badala ya kukimbia.

Mshauri alimpa kazi ya nyumbani: apake puto povu, alinyoe kwa wembe. Puto la kwanza lilipasuka. Mke aliruka, Chiriku akaruka, povu likawajaa usoni. Wakatazamana, wakacheka mpaka wakakaa chini. Baada ya maputo ikaja shingo ya mke. Moyo wa mke nao ulidunda siku hiyo, lakini alitulia. Kisha wakarudi wateja, mmoja mmoja.

Siku mama yake alipokuja tena, Chiriku alikuwa ananyoa ndevu za mteja kwa wembe. Ghafla mkono ukasimama.

"Kengele imelia," akamwambia mteja. "Nipe dakika."

"Chukua, sina haraka," mteja akajibu, macho kayafumba.

Chiriku akatoa pumzi polepole, mara kadhaa. Mkono ukatulia. Akaendelea kunyoa, na kusimulia.

Mama akamsogelea mkwewe.

"Ni hayo tu?" akanong'ona.

"Ni hayo, na vidonge, na mazoezi," mke akasema. "Na siku nyingine inamshinda. Kesho anajaribu tena."

Mama akajishika kichwa kwa mikono miwili.

"Baba yake alikuwa anagonga mlango. Ananiambia, nifungulie nijaribu, hata mpaka dukani tu. Mimi naongeza sauti ya redio."

Chiriku akaweka wembe chini. Hata mteja alifumbua macho.

"Hukujua, mama," Chiriku akasema.

"Sikujua. Na sikuuliza." Machozi yalimtiririka, hakuyafuta. Akamgeukia mkwewe. "Jirani yangu ana binti. Mwaka wa pili huu haonekani nje. Wanasema ana kifua. Huyo muuguzi wenu yuko wapi sasa hivi?"

Mke akaacha cherehani na nguo ikiwa chini ya sindano. Akamshika mkono mama mkwe, wakatoka haraka kuelekea zahanati.